Marekebisho Madogo

Vijana ninaofanya nao kazi hunitania kwamba nikitengeneza programu ya kurasa mbili, maelezo yake huwa kurasa kumi. Wananiita karani wa mahakama. Nikibadilisha kitu, hata kiwe kidogo namna gani, naandika kimebadilika nini, kwa sababu gani, nani anakitegemea na nani asikiguse. Mmoja wao, mwenye maneno mengi, aliniuliza juzi kama nalipwa kwa neno. Nilicheka nao. Sikuwaambia habari ya maneno mawili niliyoandika miaka sita iliyopita, ofisi yetu ilipokuwa bado kwenye nyumba ya kupanga huko Mapinga.

Nianze na kazi yenyewe, maana hata mama yangu mzazi mpaka leo anaamini kwamba natengeneza simu. Programu ya kompyuta haiandikwi yote kuanzia mwanzo. Zipo kazi zinazojirudia, kama kuhesabu siku au kupanga majina, na mafundi huziandika mara moja, wakaziweka pembeni, programu nyingine zikawa zinazitumia. Rundo hilo tunaliita maktaba, ingawa halina kitabu hata kimoja. Ni kama kinu cha uani kinachotumiwa na nyumba tatu. Ni jambo la busara, kwani nani ana haja ya vinu vitatu? Lakini mtu akitwangia kitunguu saumu na asiseme, jirani yake atakula mkate wa kumimina unaonuka saumu, na wala hatajua pa kupeleka lawama.

Kwa hiyo maktaba hupewa namba za toleo. Ukirekebisha kasoro ndogo ya ndani, unapandisha namba ya mwisho, na programu zote zinazoitegemea zinalichukua toleo jipya bila wasiwasi. Ukibadilisha maana ya jibu linalotoka, unapandisha namba ya mwanzo, na hapo kila programu hubaki na toleo lake la zamani mpaka fundi wake akague na kuridhika. Kila programu nayo ina karatasi yake ndani ya kompyuta, inayosema: nategemea maktaba fulani, kuanzia toleo hili, nisivuke lile. Mashine huisoma karatasi hiyo na kuitii. Haina kukisia wala kuona haya. Ukiiandikia ujinga, itaufanya ujinga huo kwa uaminifu mkubwa.

Mkuu wetu wa kazi alikuwa mama wa makamo, mkali, ambaye kila Jumatatu asubuhi alisoma daftari la mabadiliko mstari kwa mstari kabla hajagusa chai. "Usiniandikie unachokijua wewe," alikuwa akituambia. "Niandikie atakachokihitaji mtu asiyekujua." Akitoka nje tulikuwa tunamwigiza, sauti na mkono kiunoni. Mimi nilikuwa hodari zaidi ya wote wa kumwigiza.

Maktaba yangu ya kwanza ilikuwa ya kuhesabu mwezi, na niliitoa kichwani mwa shangazi yangu. Huyu ni dada wa baba, aliyenilea Kaole tangu baba alipofariki nikiwa darasa la pili. Alikuwa analima mwani na wanawake wenzake kumi na mmoja. Mwani hufungwa mbegu kwenye kamba, na kamba hufungwa kwenye vigingi huko chini maji yanakokupwa, kwa hiyo kazi yote inategemea kujua bahari itatoka saa ngapi na itarudi saa ngapi. Kamba za mbali ndizo zenye mwani mzuri, lakini hufikika kwa siku chache tu za bamvua, maji yanapotoka mbali, na kwa muda mfupi. Aliyejua siku hizo na saa hizo alikuwa shangazi. Mwezi ukiandama, akauona kwa macho yake, alianza kuhesabu kwa viungo vya vidole, na kwa hesabu hiyo aliwaambia wenzake: kesho saa tatu tuwe tumeshashuka. Walimwita Bi Mkubwa. Walikuwa wakimngoja yeye aseme, hata wale waliokuwa na watoto wa kuwaandaa asubuhi na haraka zao.

Nilikaa naye miezi miwili, nikawa naandika anachosema, kisha nashuka naye pwani kuangalia kama maji yanakubali. Yalikuwa yanakubali. Nikayageuza maneno yake kuwa hesabu: mwezi umeanza siku fulani, leo ni tarehe fulani ya mwezi, basi maji yatakauka saa fulani, na kila siku yanachelewa kwa kadiri ya dakika hamsini. Juu ya maktaba hiyo nikajenga programu mbili. Moja ilikuwa taqwimu, yaani kalenda, ya msikiti mmoja wa mjini, ya tarehe za Kiislamu na sikukuu. Nyingine ilikuwa ukurasa wa maji, niliowatengenezea shangazi na wenzake, uliofunguliwa kwenye simu ya kikundi. Simu ilikaa kwa shangazi, ndani ya kikopo cha maziwa ya unga ili isiingie chumvi.

Karatasi ya taqwimu niliiandika vizuri, kwa sababu mkuu alikuwa amekaa pembeni yangu. Karatasi ya ukurasa wa maji niliiandika peke yangu. Palipotakiwa namba za toleo la maktaba, nikaandika: toleo lolote. Maktaba yangu, programu yangu, shangazi yangu. Ya nini kujiandikia barua mwenyewe?

Shangazi mwanzoni aliicheka ile simu. Asubuhi alihesabu kwanza kwa vidole, ndipo alipovaa miwani na kufungua ukurasa, na kila mara ulisema kama alivyosema yeye. "Simu yako ina akili," aliniambia. "Inakubaliana na mimi." Nilifurahi mpaka nikawahadithia watu kazini.

Ikapita kama mwaka. Kamati ya msikiti ikaomba taqwimu ifuate mwezi hata ukionekana nchi nyingine, wasingoje uonekane hapa kwetu. Hilo ni jambo lao na Mola wao, fundi hana la kubishana. Maana yake ni kwamba miezi mingine ingeanza siku moja kabla ya ule tunaouona sisi pwani. Nikaingia ndani ya maktaba, nikabadilisha mahali mwezi unapoanzia.

Hapo ndipo nilipotakiwa kupandisha namba ya mwanzo. Jibu lilikuwa limebadilika maana, mwanafunzi wa wiki moja angeliona hilo. Lakini kupandisha namba ya mwanzo kulidai ukurasa mzima wa maelezo, orodha ya wote wanaotegemea maktaba, na mkuu akubali. Ilikuwa Alhamisi alasiri, na mimi nilikuwa na harusi ya binamu yangu kijijini Mkange, na gari la kwenda huko lilikuwa linanisubiri barabarani na watu wake wanapiga honi. Nikapandisha namba ya mwisho. Kwenye daftari la mabadiliko nikaandika maneno mawili: marekebisho madogo. Nikaenda kucheza ngoma.

Mwezi ulipoandama, shangazi aliuona kama kawaida, ila aliuona mnene kidogo. Siku ya pili, siku waliyopanga kuvuna kamba za mbali, alihesabu vidole akapata tarehe mbili. Akafungua simu. Simu ikasema tatu. Kwa mwaka mzima hawakuwahi kupishana. Akakaa kizingitini na kopo lake mapajani, akawaza kwamba labda ule mwezi mnene ulikuwa wa pili tayari, na wa kwanza yeye hakuuona. Jambo hilo hutokea. Akawaambia wenzake wasiharakishe, maji leo yatachelewa karibu saa nzima. Hayo nilikuja kuyajua baadaye, kwake na kwa wenzake.

Walishuka kwa raha, wengine wakiwa wamemaliza kufua. Walipofika kamba za mbali maji yalikuwa yameshaanza kurudi. Walikata mwani kwa pupa, wakajaza magunia, lakini gunia la mwani mbichi halibebwi mbio. Maji yakawafika viunoni. Magunia mengi yakachukuliwa, na kamba walizokuwa wamezilegeza zikaenda nazo, kazi ya mwezi na nusu. Shangazi aliteleza kwenye kigingi akachubuka goti. Wakiwa wanapanda mchangani wameloa, mmoja akasema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Bi Mkubwa amezeeka." Hakuna aliyembishia.

Alinipigia baada ya adhuhuri.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri. Huko je?"

"Huku maji yametuwahi leo. Nimewapeleka wenzangu vibaya." Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewa kujibu salamu. "Simu ilisema tatu, na mimi nilisema mbili. Nikaifuata simu."

Nilimwambia pole, nikakata, nikafungua kompyuta, na kwenye karatasi ya ukurasa wa maji nikayaona yale maneno, toleo lolote, yananitazama. Mashine ilikuwa imetii. Nilikuwa nimeiruhusu ichukue toleo lolote, nayo ikachukua lile la msikiti. Sikuhitaji hata nusu saa: nikaufunga ukurasa wa maji kwenye toleo la zamani la maktaba, nikahakikisha umerudi kuhesabu mwezi wa macho yetu, nikautuma. Daftari likanidai maelezo. Nikaandika tena: marekebisho madogo.

Jumatatu mkuu alilisoma daftari. Kidole chake kilipita juu ya mistari yangu miwili bila kusimama. Namkumbuka na kikombe chake kilichopoa, na mimi nimekaa nimebana pumzi kama mwizi nyuma ya mlango.

Lakini kabla ya Jumatatu hiyo kulikuwa na simu ya pili. Shangazi alinipigia asubuhi iliyofuata, mapema.

"Mwanangu, nakuuliza jambo. Jana simu ilisema tatu. Leo nimeifungua, inasema tatu. Mwezi hauna tatu mbili. Jana mimi nilisoma nini?"

Nimejitafutia udhuru mwingi tangu siku ile. Nilimwogopa mkuu. Nilikuwa ndiye msomi wa ukoo, yule anayetajwa kwenye kila shughuli, na wanawake kumi na wawili walikuwa wamepoteza mavuno yao kwa sababu nilikuwa nawahi harusi. Nilijiambia kwamba hasara imeshatokea, kusema hakurudishi magunia. Haya yote yana ukweli ndani yake na hakuna hata moja linalotosha. Aliniuliza swali la wazi, na jibu nilikuwa nalo mkononi.

"Labda miwani, shangazi," nilisema.

"Labda," akasema. Akanishukuru. Alinishukuru!

Nilisema nitamwambia Idi. Idi ikaja nikamkuta amevaa miwani mipya, nikasema si vizuri kuleta mambo ya kazini siku ya sikukuu. Nikasema nitamwambia kwenye Maulidi. Maulidi yalipofika, kumbe ilikuwa imeshapita miezi mitatu tangu alipomkabidhi mwenzake kopo na simu, mwanamke mdogo kwake kwa miaka ishirini. Wenzake hawakumfukuza, yeye mwenyewe aliwaambia atafuteni mwingine, mimi hesabu zinanipotea. Kwa muda alishuka nao kama mfuasi tu, baadaye hakushuka. Majirani walisema ni goti. Goti lilikuwa limepona zamani.

Kila nilipokwenda Kaole nilimkuta anauliza vitu ambavyo hakuwahi kuuliza. Leo Jumatano? Chumvi nimeshatia? Anakuuliza huku kijiko chenye chumvi bado kiko mkononi mwake. Akimaliza kuswali alibaki amekaa kwenye msala, anahesabu kwa midomo, kisha anasimama kuongeza rakaa kwa kuogopa amepunguza. Shangazi yangu, aliyekuwa anaiambia bahari itoke saa ngapi! Na mimi nilikaa pale barazani nikinywa chai yake ya tangawizi, nimelijaza neno mdomoni, nikalimeza na chai. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wangu alizaliwa siku ileile, na nikawa namlea kwa siri.

Aliyenifikisha mwisho hakuwa na habari. Mwaka jana tulipata fundi mpya, kijana makini, akapewa kazi ya kuzipandisha maktaba zote za zamani. Mkuu alikuwa ameshastaafu. Kijana akaja mezani kwangu na daftari.

"Samahani, kaka. Hii maktaba ya mwezi ina 'marekebisho madogo' mara mbili ndani ya siku chache. Halafu ukurasa wa maji umefungwa kwenye toleo la kale na hakuna sababu iliyoandikwa. Nikiufungua nitaharibu nini?"

Lilikuwa swali la kazi, la haki kabisa. Kama nisingemjibu, angeufungua, na maji yangewawahi watu wengine. Nikamwambia aniachie mpaka kesho. Nikakaa nikaandika kile nilichotakiwa kuandika tangu mwanzo: kwamba toleo hili lilibadilisha mwanzo wa mwezi, kwamba lilistahili namba mpya ya mwanzo, kwamba taqwimu inalihitaji na ukurasa wa maji usiliguse kamwe. Yalikuwa maelezo mafupi kuliko nilivyokuwa nikiyaogopa, nusu ukurasa. Fomu yetu ina sehemu ya mwisho inayoulizia athari, yaani nani aliumia na vipi. Nikaandika kwamba wakulima wa mwani walipoteza mavuno ya siku moja. Nikausoma mstari huo, nikaona ni uongo mwingine wa aina ileile, maana shangazi hakuwamo. Jumamosi nikaenda Kaole.

Alikuwa amekaa mkekani uani, anachagua mchele kwenye ungo. Tukasalimiana, nikakaa chini, nikamwambia bila kuzungukazunguka, maana nilijua nikianza na habari za kinu na maktaba nitapata pa kujificha. Nilimwambia: siku ile simu ilisema tatu kweli. Ulisoma sawasawa. Ilikosea, na aliyeikosesha ni mimi. Nilijua siku ileile, nikaitengeneza usiku haujaingia, ndiyo maana kesho yake ikasema tatu tena. Uliponiuliza nikakudanganya. Hesabu yako ilikuwa mbili, na ilikuwa mbili.

Mikono yake haikuacha kuchagua. Alitoa jiwe, akatoa pumba, akavitupa.

"Iliporudia tatu nilijua," alisema. "Nilisema moyoni, hii simu imekosea. Ndiyo maana nilikuuliza wewe. Ningemwuliza nani mwingine? Wewe ndiye uliyeitengeneza."

"Ndiyo, shangazi."

"Ukasema miwani. Nikaenda mjini kupima macho, nikatengenezewa mingine. Yule daktari akaniambia, mama, macho yako yako vilevile, hii miwani mipya ni sawa na ile ya zamani." Akautikisa ungo taratibu. "Basi mimi nikasema, kama simu haikukosea, kwa sababu ingekosea mwanangu angeniambia, na macho hayakukosea, basi ni kichwa. Hakuna kingine kilichobaki."

Nililia. Sioni haya kulisema. Nililia uani kwa shangazi yangu, mtu mzima mwenye mvi, na kuku wake wakinizunguka kuokota pumba. Aliniacha nilie, kisha akaniambia imetosha, nimemsamehe, na kwamba niende nikawaambie na wenzake kwa mdomo wangu. Nikaahidi, na baadaye nilikwenda.

Lakini pale uani nilikuwa na haraka ya kumrudishia alichokuwa nacho, kama mtu anavyorudisha ungo wa kuazima. Nikafuta uso, nikamwuliza, "Leo tarehe ngapi ya mwezi, shangazi?"

Aliuweka ungo chini. Akautanua mkono wake wa kulia, kidole gumba kikaanza kupita kwenye viungo, kimoja kimoja, kama nilivyomwona akifanya tangu utoto wangu. Kikafika, kikasimama. Kikarudi mwanzo, kikapita tena.

"Kumi na mbili," alisema.

Ilikuwa kumi na mbili. Nilikuwa nimeihesabu mwenyewe njia nzima ya kuja.

Kisha akainua macho, akanitazama usoni kwa muda, akaongeza kwa sauti ndogo, "Au?"